Jaribio la Kumi na Tatu

Mdogo wangu wa kike alisimama katikati ya uwanja wa mchanga kwa dakika ishirini na mbili, na farasi hakumsogelea. Kwa sababu hiyo tu alikuwa anakaribia kumpoteza mtoto wake.

Shamba nililofanyia kazi hutibu watu kwa farasi. Watoto waliokakamaa viungo hupandishwa mgongoni ili nyonga zilegee. Waliopatwa na ajali au msiba huingia uwanjani kwa miguu, bila kamba, wakajifunze kutulia mbele ya mnyama wa kilo mia tano. Kazi hiyo naijua na naiheshimu. Mimi ni saisi: nalisha, nasugua, nasafisha kwato, nafungua milango na kuifunga. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kazi pale.

Mkurugenzi, ambaye sote tulimwita Daktari, alikuwa na nadharia yake. Farasi akikufuata, moyo wako unaaminika. Akikukimbia, una kasoro. Kwenye ripoti ya mdogo wangu aliandika: "Hana uwezo wa kujenga uaminifu." Ripoti ikaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii. Tangu ajali iliyomvunja goti mdogo wangu, binti yake wa miaka minne alikuwa kwa bibi yake mzaa baba, na bibi hakuwa na nia ya kumrudisha. Kikao cha kuamua mtoto akae wapi kilipangwa Jumatatu.

Farasi mwenyewe tulimwita Karani, kwa kuwa hukagua mifuko ya kila mtu. Mwaka juzi waya ulimkata mguu wa mbele. Kwa wiki saba nilimshika kichwa huku daktari wa mifugo akimsugua kidonda kwa marhamu ya kafuri. Ilimuuma sana. Tangu hapo akinusa kafuri hurudi nyuma. Na mdogo wangu hupaka kafuri gotini asubuhi na jioni.

Sikutaka kubahatisha. Nilichukua taulo mbili, moja nikaipaka kafuri, nikawa nazitundika uzioni kwa zamu, mara mbili kwa siku, siku sita. Taulo ya kafuri: alirudi nyuma mara sita kati ya sita. Taulo tupu: alikuja mara sita kati ya sita, na mara moja akaitafuna. Nikapeleka daftari ofisini.

Daktari alilisoma kurasa mbili, akaniangalia.

"Haya umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Mama, wewe unajua mavi ya farasi. Nafsi ya farasi niachie mimi."

"Mjaribu tena, goti likiwa limeoshwa. Nusu saa tu, Daktari."

"Ndugu yako nafasi alipewa. Sasa kila anayefeli asingizie marashi?"

Mhasibu aliyekuwa amekaa pembeni alicheka hadi miwani ikamteleza puani. Daktari akaliachia daftari kwenye kapu la taka, taratibu, macho yake kwangu. Nililiokota mbele yake. Nilikuwa nimeingia mle kutafuta haki. Nilipotoka, haki peke yake haikunitosha.

Jumamosi ilikuwa siku ya majirani kutembelea shamba. Tulipanga viti themanini. Watoto walipewa brashi wamsugue farasi mdogo mweupe, ambaye kufikia saa nne alikuwa amesuguliwa hadi amesinzia. Wagonjwa wanne walipita wakiwa wamepandishwa, kila mmoja na watu wawili ubavuni, na familia zao zikapiga makofi. Kilele kilikuwa cha Daktari mwenyewe: kuingia uwanjani na Karani, bila kamba, na kuwaonyesha watu jinsi farasi anavyosoma mioyo. Afisa wa ustawi alikuwa amealikwa, safu ya mbele. Mdogo wangu nilimwalika mimi. Alikaa kiti kilichokuwa wazi jirani na afisa.

Katika siku kama hizo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga kiwi buti za Daktari. Nilizing'arisha kama kawaida. Kisha nikachovya kitambaa kwenye kopo la marhamu, nikakipitisha kwenye shingo za buti na kuzunguka soli. Kiwi inanuka kwa nguvu, na pua ya mtu iko mita moja na nusu juu ya buti zake. Pua ya farasi huinama. Karani akiogopa hurudi nyuma, hapigi teke. Angekuwa wa kupiga teke, nisingefanya. Nadhani nisingefanya.

Daktari aliingia na kipaza sauti kidogo kwenye kola.

"Farasi hadanganywi," alisema. "Mwenye moyo safi atamjia. Tazameni."

Nikamfungulia Karani mlango. Alikuja mbio mbio, masikio mbele, akaanza ukaguzi: mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, kisha akateremsha kichwa. Akaganda. Pua zikapanuka. Akarudi nyuma hatua sita, nilizihesabu, akageuka na kwenda kusimama kona ya mbali, makalio kwa Daktari.

"Njoo, baba. Njoo basi."

"Kulikoni, Daktari, mmenuniana?" fundi cherehani wa jirani alipaza sauti. Watu wakacheka.

"Mama, farasi hampendi," mtoto mmoja akasema.

"Nyamaza wewe."

"Si kasema mwenyewe, mwenye moyo safi!"

Safari hii safu zote zilicheka, na wale waliojizuia walicheka zaidi. Daktari alisogea, Karani akakimbilia kona nyingine. Dakika ya nne aliinama, akapitisha kidole kwenye buti, akakinusa. Kipaza sauti alikuwa amekisahau.

"Nani kanipaka kafuri? Huyu farasi hawezi kabisa kafuri! Si mimi! Ni hii dawa!"

Spika zikalifikisha hilo hadi getini. Kwa hiyo zile kurasa mbili zilikuwa zimemwingia.

Afisa alisimama. "Samahani, Daktari. Hilo la kafuri umelijua tangu lini?"

Daktari alipapasa kola, akakizima kipaza sauti. Afisa akamgeukia mdogo wangu, ambaye alikuwa amekaa naye bega kwa bega tangu asubuhi, akanusa kafuri ya goti lake, na akatoa kalamu.

Mdogo wangu alinifuata hadi bombani, nilikokuwa nikinawa mikono kwa sabuni mara ya pili.

"Dada, umefanya nini?"

"Jaribio la kumi na tatu."

"Ungemwonea huruma hata huyo mnyama."

Hapo alikuwa sahihi. Karani alitetemeka dakika kumi na moja kabla hajakubali kushikwa. Niliandika hilo pia.

Ofisini Daktari alikuwa pekupeku, buti ziko nje ya dirisha.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Huna kazi hapa. Ondoka."

"Sawa. Naomba barua."

"Barua ya nini tena?"

"Ya kufukuzwa, yenye sababu. Nina miaka kumi na minne kazini, siondoki kwa mdomo."

Afisa alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi nitaomba nakala," alisema kwa upole.

Daktari aliandika: utovu wa nidhamu. Nikauliza utovu upi. Akaandika kwamba nilipaka kafuri kwenye buti zake nikijua kuwa farasi huiogopa, na kwamba kwa sababu hiyo farasi alirudi nyuma kidogo.

"Hatua sita," nilisema.

"Nini?"

"Si kidogo. Hatua sita."

Akakata neno, akaandika sita, akatia sahihi na tarehe. Nilitoa nakala mwenyewe. Ya kwanza alichukua afisa. Ya pili mdogo wangu aliiweka mezani Jumatatu, na kikao kikaitupilia mbali ripoti. Mtoto alirudi kwa mama yake mwezi uliofuata. Barua yenyewe nimebaki nayo mimi. Haina kazi yoyote sasa. Huwa naisoma.