Siku Godoro la Mwanakheri Lilipokwenda Juani

Usiku wa kuamkia leo Mwanakheri aliota godoro lake linakohoa.

Alikuwa amelala peke yake. Mumewe, Mhina, alikuwa amehamia kwa dada yake Nuru, mtaa wa pili hapo Ngamiani, Tanga, kwa sababu nyumbani kwake hapumui. Akiingia tu chumbani macho yanamwasha, chafya zinafuatana, kisha kifua kinaanza kupiga filimbi. Kwa Nuru analala fofofo. Daktari alisema ni mzio, akaagiza mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, godoro lipate jua, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa kavu, na upepo upite ndani. Majirani wao walisema nyumba imemkataa Mhina. Jana jioni Mwanakheri alikaa kitandani akalia kidogo, usingizi ukamchukua na viatu miguuni.

Basi, godoro linakohoa.

"Daktari alisema nipate jua," linasema. "Sijalipata."

"Nitakutoa kesho."

"Umeanza kusema kesho tangu masika."

Godoro linashuka kitandani, linavaa kandambili za Mhina na kutoka nje bila kuaga. Mwanakheri anabaki amekumbatia mto, na ndani ya mto anasikia ngoma.

Anafumua mshono. Katikati ya sufi kuna harusi. Wadudu wadogo kuliko chembe ya chumvi wamevaa kanzu na wanacheza kwa adabu. Mzee wao anainuka kumpokea.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba. Karibu pilau."

"Marahaba. Pilau ya nini?"

"Ya ngozi yenu, ile inayopukutika mkilala. Hatujawahi kumng'ata mtu."

"Mume wangu hapumui kwa ajili yenu."

Mzee anashtuka kwelikweli. "Yule bwana wa chafya? Sisi tulidhani anatushangilia. Kila akipiga chafya tunaongeza wimbo."

Ngoma ikanyamaza. Mzee akaeleza, macho chini, kwamba wao ni watu wa unyevu. Penye ukavu hawakai, na maji ya moto hawayawezi hata kwa kuyasikia. Hakuomba wabakishwe. Aliomba tu bibi harusi amalize kupakwa hina. Mwanakheri alisubiri, maana hina haiharakishwi. Walipomaliza walifunga mizigo, wakapanga mstari kuelekea dirishani. Alipowauliza wanakwenda wapi, mzee alisema majirani wamewaalika.

Anapogeuka, chumba kimekuwa stesheni ya reli. Upepo amesimama mlangoni na begi mkononi.

"Hodi."

"Karibu ndani."

"Natokea wapi?"

"Si uingie kwanza?"

"Dada yangu, mimi siingii nyumba isiyo na pa kutokea," Upepo anasema. "Naingia kwa dirisha moja, nakwama, nanuka ukungu, halafu mnasema Tanga kuna joto."

Dirisha la pili lipo. Limezibwa na kabati la nguo ambalo Nuru aliwapa siku ya harusi yao na kuelekeza mwenyewe liwekwe wapi. Tangu siku hiyo halijasogezwa. Si uzito uliomzuia Mwanakheri. Alimwogopa wifi yake.

Sasa analisogelea. "Naomba unipishe."

"Wifi yako atasema nini?" kabati linauliza.

"Atasema atakalosema. Mume ni wangu, na nyumba ni yetu."

Hakuwahi kulisema hilo kwa sauti. Kabati linawaza, kisha linakiri kwamba miguu yake ilikwisha kufa ganzi, lilikuwa likingoja kuambiwa tu. Linajisogeza upandeupande, milango ikigongana, mpaka kona ya mbali.

Nyuma yake ukungu mweusi umetanda ukutani, umeketi kikao. Mwenyekiti wake anasafisha koo.

"Sisi tupo hapa kwa ruhusa ya giza."

Mwanakheri anasukuma dirisha. Linafunguka.

"Giza limeondoka," anasema.

Wajumbe wanatazamana. "Basi kikao kimeahirishwa," mwenyekiti anatangaza, na Mwanakheri anaanza kuwapangusa kwa kitambaa na siki, mmoja baada ya mwingine, nao wanampisha bila ugomvi. Upepo anavua kofia, anaingia kwa dirisha hili, anatokea kwa lile, kisha anazunguka na kuingia tena, maana njia imemnogea.

Stesheni imetoweka. Mwanakheri yuko uani mbele ya sufuria kubwa kama kisima, maji yanatoa mvuke, naye anafua mashuka, anafua mapazia, anafua hata jina la mtaa. Kamba ya kuanikia inafika mpaka bandarini. Juu ya paa godoro limelala chali, na mara anaona linajigeuza ubavu wa pili lenyewe. Mwanakheri anacheka. Anafua na kusuuza na kukamua, anacheka mpaka mbavu zinamuuma, na kicheko hicho ndicho kilichomwamsha.

Kulikuwa kumekucha. Mhina alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimebisha hodi mpaka nikachoka," alisema. "Nikasikia unacheka peke yako, nikaingia."

Mwanakheri alikuwa anangoja chafya. Alimwangalia pua, alimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka taratibu, bila filimbi. Chafya haikuja.

"Leo humu ndani mnapumulika," Mhina alisema, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Chai yangu nitanywea hapa. Nuru nitamwambia asiniwekee."

Akamshika mkono kumwinua, kisha akasita. Aliugeuza kiganja, akakitazama kwa muda, akauchukua na mkono wa pili.

"Mwanakheri, umefua tangu saa ngapi?"

"Sijafua. Ndiyo kwanza naamka."

Mhina alimwonyesha. Vidole vyote vilikuwa vyeupe na vimekunjamana, kama vya mtu aliyeshinda kutwa nzima mikono yake ikiwa ndani ya maji.