Mtu wa Boya la Tatu

Kila alasiri boti ya wageni iliporudi kutoka kisiwani, dada aliosha miwani ya kuogelea kwenye mabeseni mawili, la kwanza la sabuni ya watoto, la pili la maji matupu. Wageni walikaa kwenye benchi wakijipangusa mchanga na kusimulia waliyoyaona: ndege weupe wanaotagia mwambani, pomboo wawili, kasa mkubwa kama meza.

"Na yule kijana wa chini ya maji ni mstaarabu," alisema mama mmoja mwenye kofia pana. "Asingetuelekeza, kasa tusingemwona."

"Kijana gani?"

"Mwenye fulana ya njano, pale boya la tatu. Mwambieni avae miwani. Macho yatamuuma."

Dada aliendelea kusugua. Fulana ya njano ilikuwa sare ya mzamiaji wa kukagua maboya, na mzamiaji alikuwa mmoja tu, kaka yake. Wiki tatu zilizopita bosi alitangaza kwamba ametoroka kazi, kamfuata mwanamke mji mwingine. Tangu hapo mama yao hakutaka kusikia jina lake nyumbani.

Dada hakuwa na maneno mengi, lakini hakuwa mjinga. Kandambili za kaka zilikuwa bado botini, chini ya kiti.

"Mtu anatoroka pekupeku?" aliwahi kumuuliza nahodha.

"Mapenzi yanavua viatu, dada'angu." Nahodha alicheka peke yake, kisha akaenda kukagua injini ambayo haikuwa na tatizo.

Sasa alikausha mikono akaenda ofisini. Bosi alikuwa anabandika ratiba ukutani.

"Bosi, wageni wanasema kaka yuko boya la tatu."

"Kwa ruhusa ya nani? Mtu kaacha kazi, anatafuta nini kazini?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza."

"Wewe osha miwani, binti. Mengine niachie mimi."

Hakugeuka. Karatasi moja aliipigilia pini tisa.

Kesho yake dada alichagua miwani isiyovuja akapanda boti pamoja na wageni. Nahodha alimwona, akatazama pembeni. Walizunguka kisiwa polepole, wakanyamaza walipoambiwa wanyamaze, wakahesabu vifaranga. Walipofika boya la tatu, dada alivaa jaketi la kujiokolea, akashuka, akatia uso majini.

Kaka alikuwa amesimama chini, kina cha watu watatu, akimpitisha kasa kwa kiganja kama mtu anayepanga foleni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenaswa kwenye mnyororo wa boya, pale unapoingia kwenye jiwe la zege.

"Umekuja," alisema. Sauti ilisikika vizuri, ila ilichelewa kidogo. "Mama mzima?"

"Mzima. Anasema ulitukimbia."

"Niwakimbie na mnyororo huu?" Alicheka, na hakutoa povu hata moja. "Nilivuta kamba mara tatu. Juu hakukuwa na mtu."

Mzamiaji hazami bila mtu wa kumshikia kamba. Akivuta mara tatu, anapandishwa. Hiyo ndiyo kazi ilivyo, na kamba ya kaka alikuwa akiishika nahodha.

Dada alipopanda botini alimtazama nahodha mpaka akazungumza mwenyewe.

"Bosi alisema nikawashushie wageni mizigo kisiwani, wamechelewa. Nikamwambia, na kamba je? Akasema dakika mbili tu, huyo si mtoto." Alishika usukani. "Nimemzoea sasa. Nikipita namsalimia."

Siku iliyofuata dada alimleta mama yao. Mama hajui kuogelea. Alilala kifudifudi ukingoni mwa boti, nahodha akamshika kiuno, mama akachovya uso majini. Alikaa hivyo kupita pumzi ya mtu yeyote. Alipoinuka alijifuta kwa khanga.

"Amekonda," alisema. "Na hakutukimbia."

Bosi aliwapokea gatini, akamvutia mama kiti.

"Mwanangu mnasue mguu, nikamzike," mama alisema. "Na uliowaambia katoroka, uwaambie ulivyomwacha."

"Pole sana, mama yangu. Lakini nimeshaandika kwamba katoroka, na barua imeshakwenda kila mahali. Nikimtoa leo, nitaonekana mtu wa maneno mawili." Alimsogezea glasi ya maji. "Halafu wageni wa Jumamosi wamemuulizia yeye kwanza, kabla ya kasa. Kijana anapendwa. Hilo si jambo dogo."

Mama hakuyanywa maji. Dada alimshika mkono wakaondoka.

Jumamosi boti ilijaa. Kabla wageni hawajavaa miwani, nahodha aliwasomea tangazo jipya la bosi, macho kwenye karatasi: boya la tatu ruhusa kupiga picha, ila kuanzia kiunoni kwenda juu.