Mgongo wa Bi Biasha

Mwanangu Kondo alikuwa na kitanda kimoja tu duniani: mgongo wa mtu. Umlaze kwenye godoro, feni inapepea, anafumbua macho na kulia kama kachomwa sindano. Umfunge kwa khanga mgongoni, utembeetembee uani, kabla hujaifikia migomba keshalala. Na mgongo wangu ulikuwa unatakiwa shuleni Jumatatu. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, na darasa la tatu hapa Dutumi halifundishwi na mwalimu aliyebeba mtoto.

Wa kubaki naye alikuwepo. Mama mkwe wangu, Bi Biasha, alikuja kutoka kijijini Masaki kwa ajili hiyo hiyo. Lakini miaka ya kubeba mihogo na magunia ya mkaa ilikuwa imemmaliza kiuno, na daktari alimkataza kabisa kubeba. Mume wangu, Maulidi, akakata shauri kwa simu kutoka kazini kwake: Kondo asipojua kulala mwenyewe mchana, Jumapili jioni anapelekwa Masaki kwa wifi yangu, mwenye nguvu zake. Mtoto bado ananyonya!

Nikaanza Alhamisi. Nikamnyonyesha, nikamlaza angali macho, nikakaa kando na mkono kifuani pake. Akalia. Nikavumilia. Sauti ilipoanza kushuka nikasikia hodi, na kabla sijaitikia, jirani yangu Mama Raudha keshaingia.

"Mama Kondo, kulikoni? Mtoto analia hivyo, nawe umekaa unamtazama?"

"Namfundisha kulala, dada."

"Kulala nako kunafundishwa?" Akamnyakua, akamfunga mgongoni, akatoka naye uani. Kondo akalala palepale.

Nilitamani kumrushia mwiko. Lakini utamgombezaje mtu aliyekuletea uji siku zote za arobaini yako? Huku kwetu mtoto akilia ni wa mtaa mzima. Akinyamaza ndipo anakuwa wako.

Ijumaa nikafunga mlango. Wakaja dirishani. "Walimu hawa na mambo yao ya kwenye simu," nikamsikia mmoja akisema, na sauti haikuwa ya kunong'ona. Nikafungua, maana nilikuwa nimeshindwa mimi, si mtoto.

Jumamosi Bi Biasha akanihurumia. "Nenda kafue, mwanangu. Niachie mie."

Nikafua huku masikio yangu yapo ndani. Kondo akalia kidogo, kisha kimya. Niliporudi nikamkuta kwenye godoro, amelala fofofo, na bibi yake kakaa kwenye kigoda. Nikampigia Maulidi nikicheka peke yangu. Bi Biasha hakuinuka kwenye kigoda kile mpaka jioni, hata chakula aliomba aletewe, nami kwa furaha yangu sikujiuliza kitu.

Jumapili mchana akanituma dukani kununua mafuta ya kula. Nikafika njiani, nikakumbuka sikuchukua chupa, nikarudi. Nilimkuta chumbani, kainama, kashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Kondo alikuwa mgongoni, amelala. Ndipo nikakielewa kile kigoda cha jana.

"Mama!"

"Usipige kelele, utamwamsha."

"Daktari si alikukataza?"

"Daktari ndiye aliyemlea Maulidi?" Akataka kunyooka, akashindwa. Hapo machozi yakamtoka. "Nilikuja kulea, Yasmin. Nisipombeba, nimekuja kufanya nini hapa? Kula wali wenu?"

Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, vyote kwa pamoja. Nikafungua khanga, nikamlaza Kondo kwenye godoro, kisha nikamshusha mama mkwe wangu taratibu mpaka mkekani, kando ya godoro lile. Kondo akaamka, akaangua kilio. Nikanyoosha mikono.

"Mwache," akasema Bi Biasha, kalala chali.

Kondo alilia, akajibiringisha, akamwona bibi yake pale chini, uso kwa uso. Akamlilia yeye sasa.

"Lia, baba, lia. Mie nami kiuno kinaniuma, nani ananibeba?"

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Mama Raudha mlangoni.

"Rudi kwako!" Bi Biasha alipaza sauti kutoka mkekani. "Humu wamelala watu!"

Mama Raudha alinitazama kutoka mlangoni, nikamtazama. Akarudi kwake. Kilio kikawa kikwifukwifu, kikakatika, kikaanza tena, nami nikashika fremu ya mlango nisije nikamkimbilia. Kondo akatia kidole gumba mdomoni. Macho yakawa mazito, akayafumbua, yakajifumba. Hakuna aliyemgusa.

"Kesho nenda kafundishe," alisema Bi Biasha, naye pia kafumba macho. "Akilia atanikuta hapahapa."

Nikarudisha mlango polepole, nikaenda jikoni kulia mwenyewe.