Zamu ya Mke Mdogo

Zulfa alikuwa hatulii. Akikaa anainuka, akiinuka anachungulia barabarani. Gari la kurudi Nachingwea lilikuwa la saa kumi, na kesho asubuhi alikuwa na mtihani wa kidato cha nne, baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni. Ilibidi amwache mwanawe, Safina, wa miaka mitatu, hapa Malolo kwa wazazi wake.

Ila Safina alikuwa hali mpaka katuni ziwake kwenye simu. Hilo Zulfa hakulisema kwao.

"Simu," Safina alisema, akasukuma bakuli. Mlenda ukamwagika mkekani. Bibi yake, Bi Hadija, alipomsogelea, akala kofi la shavu.

Mkono wa Zulfa ukaenda kwenye mkoba.

"Iache humo humo."

"Mama, hajala tangu asubuhi."

"Mimi nimekula kofi, nimeshiba." Bi Hadija alijipapasa shavu. "Kumbe mke mwenzangu ana mkono mzito hivi. Umemlea wewe au hilo dude?"

"Nilikuwa nasoma, mama. Nikimpa simu ananiachia saa mbili nzima. Sasa nikimnyima ananing'ata." Akaonyesha alama mkononi.

Mama yake hakumlaumu tena, na hilo ndilo lililomuuma.

Babu yake Safina, Mzee Mikidadi, akaingia kutoka kuokota korosho, akanawa, akaketi mkekani.

"Mume wetu, kwangu leo hupati kitu," Bi Hadija alimwambia. "Zamu ya mkeo mdogo." Akamsogezea Safina sahani ya ugali.

"Haya, nilishe, mke wangu. Nimetoka shamba nina njaa."

Safina aliitazama sahani, akautazama mkoba. Babu alikuwa ameshaachama mdomo kama kinda.

"Usipomlisha atatangaza kijiji kizima kuwa hujui kupika," bibi alimchokoza.

Mtoto akamega tonge kubwa kuliko kiganja chake, akalichovya kwenye mlenda uliobaki, akamsukumia babu mdomoni. Nusu ikaangukia kwenye ndevu.

"Mh. Mboga hii ina chumvi kweli? Umeonja?"

Safina alilamba kidole, kisha kingine. Akamega kadogo, akala. Zulfa hakuthubutu hata kukohoa. Likaja tonge la pili, na la tatu.

"Simu," Safina akasema tena, midomo ikitetemeka.

"Nenda," Bi Hadija alisema bila kugeuka. "Ukikaa hapa anautazama huo mkoba."

"Akilia, mama?"

"Atalia. Wewe hukulia?"

Zulfa alipitia nyuma ya jiko, mkoba kwapani. Kilio kikamfuata mikoroshoni, kikali, cha kumwita. Mara mbili alipunguza mwendo. Alipofika barabarani kilikatika ghafla, naye akageuka, asijue kama mtoto amebembelezwa, amechoka, au anatafuna.

Gari likatokea kwenye kona. Zulfa akanyoosha mkono.