Alto Upande wa Kushoto

Hasira zangu ziko karibu, Mbinga nzima inalijua hilo. Kwa hiyo Ijumaa ile Scholastica aliposimama mbele ya meza yangu pale stendi na kuniambia kwamba Jumapili, kwenye matangazo ya misa, atawaambia waumini wasinunue eafoni za simu kwangu kwa sababu nauza feki, nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili nisije nikamrushia kitu.

"Tangazo lenyewe liko wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha karatasi iliyokunjwa mara nne. "Sijaja kugombana, Albina. Nimekuja na Mwalimu, azijaribu mwenyewe hapa hapa. Zikiwa nzima, naichana. Zikiwa mbovu, naisoma."

Nyuma yake alikuwa amesimama Mwalimu Protasi, skafu imezunguka shingo kwa baridi ya Julai, macho chini. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeletwa.

Scholastica ni katibu wa kwaya yetu. Mwalimu Protasi ndiye anayetufundisha, huu mwaka wa thelathini na moja. Mimi naimba alto tangu nina miaka kumi na minne, na wanakwaya na ndugu zao ndio wateja wangu. Tangazo likishasomwa kanisani halifutiki. Meza naikunja, narudi kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu.

Kisa chenyewe kilianza mwaka jana, tuliporekodi kwa Allen, fundi wa studio kule Mbamba Bay. Allen akimaliza kupanga sauti humtumia Mwalimu wimbo kwenye simu, Mwalimu anausikiliza kwa eafoni, kisha anamwambia ongeza hapa, punguza pale. Eafoni alizinunua kwangu. Akasema alto haisikiki, Allen akaongeza. Akasema bado, Allen akaongeza tena. Siku ya jubilei ya parokia wimbo ukapigwa kwenye maspika makubwa, na sisi alto tukatoka tunapiga mayowe kama tunafukuza ngedere kwenye mahindi. Watu walicheka mpaka paroko akainamisha kichwa. Lawama zikatafuta pa kuangukia, zikaangukia eafoni za Albina.

Sasa kulikuwa na wimbo mpya, na Allen alikuwa anasubiri jibu siku hiyo hiyo.

"Haya," nikasema. "Tujaribu."

Nikatoa aina tatu kwenye makasha, mpya kabisa. Eafoni ninazijua kama wengine wanavyojua kahawa, na wala sizisifii bure. Nyekundu zina besi nzito inayofunika maneno, zinawafaa wanaopenda ngoma. Nyeupe zina sauti kali, ukisikiliza nusu saa kichwa kinauma. Nyeusi hazina makuu, ila kila sauti inakaa mahali pake, na hizo nyeusi ndizo alizonunua Mwalimu. Nikaweka wimbo wa Allen kwenye simu yangu, nikachomeka nyekundu, nikampa.

Mwalimu akazivaa, herufi ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Akafumba macho. Makondakta wa magari ya Mbamba Bay walikuwa wameshasogea. Ugomvi stendi hauhitaji mwaliko.

"Besi ipo," akasema. "Soprano ipo. Alto hakuna."

Nikachomeka nyeupe. Akasikiliza mpaka ubeti wa pili.

"Alto hakuna."

Nikachomeka nyeusi. Akazisukuma ndani kwa vidole, akazitoa, akazirudisha.

"Hizi nazo upande wa kushoto umekufa."

"Zote tatu!" Scholastica akawageukia makondakta. "Mmesikia wenyewe?"

Mmoja akapiga mluzi. Mimi nikanyang'anya eafoni, maana ndivyo ilivyokuwa, nilinyang'anya, nikaziweka masikioni mwangu tayari kuwatukana wote kwa zamu. Alto ilikuwapo. Allen huwa anapanga sauti vile vile tunavyokaa kanisani: alto kushoto kwa Mwalimu, tenori na besi kulia kwake, soprano katikati. Na sisi alto tulikuwapo kushoto, wazi kabisa, mpaka nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikifika kwenye ile noti ya la, ile ya juu kabla ya Amina, na ikishuka.

Nikaurudisha wimbo nyuma. Nilikuwa nashuka kweli.

Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa akifika kwenye noti hiyo anasimamisha kwaya nzima. "Albina, unashuka." Aliwahi kuniambia hivyo askofu ameshakaa kwenye kiti. Niliona aibu, nikalia, nikafanya mazoezi jikoni. Kisha, kama miaka miwili iliyopita, akaacha. Nikajua nimeweza. Nikajisifu hata kwa mama mkwe. Kumbe sikuwa nimeweza chochote. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake.

Nilimtazama yule mzee, na hasira ikanitoka ghafla, nikabaki na hofu. Nikampa tena zile nyeusi, ila safari hii nikamkabidhi ya kulia kwenye mkono wa kushoto na ya kushoto kwenye mkono wa kulia. Hakuna aliyeona.

Akasikiliza. Uso wake ukafunguka. "Ala! Alto hii hapa." Kisha polepole ukafunga. "Lakini besi... besi imekwenda wapi?"

Akazitoa. Akazisogeza karibu na macho, akasoma vile viherufi vidogo. Akazigeuza mwenyewe, akasikiliza. Akazigeuza tena. Aliponiinulia macho nikajua kwamba ameshajua, na yeye akajua kwamba mimi ninajua.

"Ehe, Mwalimu?" Scholastica aliishikilia karatasi yake. "Nzima au mbovu?"

Mwalimu akaanza kuzikunja nyaya za zile eafoni.

Sentensi moja tu ingenitosha. Eafoni ni nzima, kilichokufa ni sikio lako. Ningeisema, jina langu lingekuwa safi pale pale, na makondakta wangeifikisha Mbamba Bay jioni ile ile, wakicheka, kwamba kule juu kuna mwalimu wa kwaya kiziwi. Nani angemwachia kwaya baada ya hapo? Nikamsubiri aseme yeye. Wallahi nilimsubiri. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni mbovu," nikasema.

"Umekubali?"

"Nimekubali, Katibu. Mzigo umeingia vibaya. Kasome."

Scholastica mwenyewe alishangaa, maana hajawahi kunishinda. Akaweka karatasi kwenye mkoba, akampigia Allen asubiri kwanza, wakaondoka. Mwalimu hakugeuka nyuma.

Sitaficha: siku mbili zile nilimchukia. Jumamosi hakuna aliyeigusa hata eafoni moja, habari ilikuwa imeshasambaa. Nilijiambia kwamba nimefanya ujinga, kwamba nimemfunika mtu ambaye hata pole hakunipa. Jumapili nilitaka nisiende kanisani. Nikaenda, ili wakiusoma huo uongo wao wausome ninawatazama.

Tulikaa kwenye mabenchi yetu, alto kushoto kama siku zote. Scholastica alikuwa mbele yangu, karatasi imechomoza kwenye kitabu cha nyimbo. Kanisa lilikuwa halijajaa. Mwalimu Protasi akaingia, akasimama mbele yetu, na badala ya kuinua mkono akasema:

"Alto, inukeni. Njooni kulia. Besi, nendeni kushoto."

Hakuna aliyeinuka. Scholastica akanong'ona, "Mwalimu, miaka yote alto wanakaa huku."

"Sikio langu la kushoto halisikii, Schola. Nadhani tangu mwaka juzi." Hakunong'ona. Hata waumini wa mabenchi ya mbele waligeuka. "Nilidhani mnaimba kwa uvivu. Ijumaa nikaelewa, nikanyamaza kwa woga, na Albina akanibebea. Eafoni zake ni nzima zote. Hiyo karatasi nipe mimi."

Scholastica akampa. Mwalimu akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni. Tukahama, mabenchi yakilalamika, besi wakigongana magoti na soprano, na hakuna aliyethubutu kunitazama. Kengele ilikuwa bado.

"Kipande cha mwisho," akasema, "tupashe koo."

Akainua mkono. Tukaimba. Tulipofika kwenye ile la ya juu kabla ya Amina, mkono ukashuka, na kwaya nzima ikanyamaza. Mwalimu akageuza kichwa, sikio la kulia likatuelekea, akakunja uso ule wa zamani nilioukimbia nusu ya maisha yangu.

"Albina," akasema. "Unashuka."

Nikasema samahani, Mwalimu, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote.