Bakuli la Nyanchera

Mwalimu Benter aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza yaliyopeana mgongo: "borrow" na "lend".

"Yote ni kuazima, lakini la kwanza ni la anayepokea, hufuatwa na 'from'," aliwaambia Gredi ya Sita. "La pili ni la anayetoa, hufuatwa na 'to'. Kitu ni kimoja, watu ndio wawili."

Mifano ikamiminika: jembe, ungo, makaa ya kuwashia moto. Kisha Beverlyne wa dawati la mbele akauliza, "Na wewe, Mwalimu, unaazimaga kwa nani?"

Benter alicheka, akafuta ubao kabla ya wakati.

Tangu ahamie Ikonge kutoka Homa Bay hakuwa ameazima hata kiberiti. Alilelewa kuogopa kuwa mzigo kwa watu. Alipofika tu, jirani yake Nyanchera alimletea bakuli la ndizi mbivu. Benter akaliosha likang'aa, akalirudisha jioni ile ile, tupu, akashukuru akiwa mlangoni na kwenda zake. Eti ndiyo adabu ya kwao! Huku Ikonge bakuli hukaa kidogo, kisha hurudi na chochote, hata mayai mawili, na mwenye kulirudisha huketi. Nyanchera aliona amesukumwa mbali. Tangu hapo ikabaki salamu za juu ya ua, na Jumapili Benter akinywa chai na redio. Upweke ulimtafuna hadi akaamua kuomba uhamisho.

Jioni baada ya somo lile alipiga hodi kwa Nyanchera, mikono mitupu.

"Mama, naomba uniazime chumvi kidogo."

Nyanchera aliacha kusonga ugali. "Mwalimu, si jana nilikuona kwa soko ukinunua pakiti mzima?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Benter iliishia pale pale jikoni. Akatamani kugeuka, lakini nyumbani kulikuwa na nini cha kumrudisha?

"Chumvi niko nayo, mama," alisema. "Watu ndio sina."

Nyanchera aliinuka. Akateremsha bakuli lile lile la ndizi, akalijaza chumvi hadi juu. Kisha akavuta kigoda kwa mguu.

"Kaa chini, ugali inaiva. Na hiyo bakuli, mwalimu, usikimbie kuirudisha."