Kamba Nyekundu ya Unyoya

Kijijini pale mawimbi yaligawanywa kama vyumba vya nyumba. Mbele ya mchanga, penye maji ya kiunoni, paliitwa Sebuleni, kwa sababu hapo alikaribishwa kila mtu, hata mgeni aliyeshuka basi asubuhi ile na hajui ubao wa mawimbi unashikwa upande gani. Kushoto, mkondo unapokata kona, paliitwa Jikoni, maana wasiojua kazi waliungua. Na mbali kule, nyuma ya mwamba, mawimbi yalipoinuka ghafla kama ukuta na kuvunjikia juu ya mawe makali, paliitwa Chumba cha Ndani. Huko mtu haingii mpaka aruhusiwe.

Mwenye kuruhusu alikuwa Fundi. Ndiye aliyeziba mbao zilizopasuka, na ndiye aliyefunga kamba fupi za alama: nyeupe kwa wa Sebuleni, njano kwa wa Jikoni, nyekundu kwa wa Chumba cha Ndani. Aliifunga kwenye tundu lililo mkiani mwa ubao, na asiye na kamba inayostahili hakuna aliyempisha majini. Watu walidhani anapima jinsi mtu anavyosimama juu ya wimbi. La. Kwa kamba nyekundu Fundi alipima jinsi mtu anavyoanguka. Maji yakipwa alikaa juu ya jiwe la Jikoni akakungoja uanguke. Ukiibuka mwenyewe, kichwa kizima na pumzi bado ipo, ndipo mkono wake ulipoingia mfukoni.

Mara moja tu alivunja sharti hilo. Mdogo wake, waliyemwita Unyoya, alikuwa haanguki. Miezi minne Fundi alikaa juu ya jiwe mpaka makalio yakafa ganzi, na Unyoya anashuka na wimbi kama mtu anayeshuka ngazi za kwao. Mwishowe mdogo mtu akamtania kaka yake mbele ya watu, kwamba huo si upimaji tena, ni wivu. Watu wakacheka. Fundi alikuwa na kiburi chake. Akaifunga kamba nyekundu palepale.

Siku ya tatu, Chumba cha Ndani, Unyoya alianguka kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ubao ulirudi ufukweni. Yeye hakurudi.

Fundi aliutundika ubao ule karakanani, juu ya dirisha, kamba yake ikiwa mkiani. Tangu wiki hiyo, kila asubuhi alipofungua mlango aliukuta umelowa. Si umande, umande hauna chumvi, na yeye alishaonja. Matone yalidondoka kutoka mkiani moja moja mpaka sakafu ya saruji ikafanya doa jeupe. Mkewe alisema paa linavuja. Fundi alibadilisha mabati mara mbili, na kiangazi kikaja, matone yakaendelea. Basi akazoea kufuta kwa kitambaa. Na alipofuta alisema kwa sauti ya chini yale ambayo hakumfundisha mdogo wake, kwa kuwa hakuona haja: “Funika kichwa. Usipige teke. Hesabu mpaka saba, litakuachia.”

Wanafunzi wake aliwafundisha kwa vitendo. Maneno yenyewe hakuweza kumwambia mtu aliye hai. Aliuambia ubao tu, kila asubuhi, kwa miaka ishirini na mmoja, na hata mkewe hakujua.

Binti wa Unyoya aliachwa akinyonya. Fundi na mkewe walimlea, na sasa alikuwa mwanamke wa kujitegemea, mwalimu wa wageni Sebuleni, na mwaka wa tatu huu ana kamba ya njano. Watu walimwita Unyoya Mdogo, na Fundi hakupenda kulisikia jina hilo, kwa sababu msichana naye alikuwa haanguki.

Kila alipoomba kamba nyekundu, Fundi alimtafutia kasoro. Jioni moja binti alikuja karakanani wakati mama yake mkubwa anamimina chai, akaketi juu ya debe la gundi.

“Baba mkubwa, juzi ulisema magoti. Jana ukasema mabega. Kesho utasema masikio?”

“Masikio ndiyo yenye kasoro kubwa. Hayasikii.”

Mama mkubwa alicheka nusura amwage chai. Binti hakucheka. Alisema taratibu kwamba kesho maji yakipwa ataingia Chumba cha Ndani. Kamba akipewa atashukuru. Asipopewa, atachukua ile ya baba yake, na akaionyesha ukutani kwa kidevu.

Fundi alijua hatanii. Alijua pia kwamba akimkatalia ataenda, na akimkubalia atakuwa amefunga fundo lilelile mara ya pili.

Asubuhi hakukuta matone. Maji yalikuwa yameenea sakafu nzima mpaka kizingitini. Alipanda kigoda akagusa kamba nyekundu, na fundo alilolikaza kwa hasira miaka ile likafunguka kwa vidole viwili, kama la jana. Akaitia mfukoni, akaenda kumsubiri binti ufukweni.

“Nipe wimbi moja la Jikoni,” alimwomba. “Moja tu. Kisha sitakuzuia.”

Binti akakubali. Bahari ilikuwa shwari, wimbi lenyewe la kawaida. Alilipanda, akasimama, akaja akiteleza vizuri hata Fundi akaanza kukata tamaa. Kisha, pasipo sababu, akang'oka juu ya ubao kama mtu aliyevutwa mguu. Ubao ukaruka peke yake.

Fundi alisimama juu ya jiwe. Alitaka kupiga kelele, ulimi ukaganda. Akahesabu moyoni. Moja. Mbili. Maji yalikuwa meupe, hakuna kichwa. Tano. Sita. Alipofika saba, binti aliibuka, mikono yote miwili bado imefunika kichwa.

Alitoka akitema maji, akicheka kidogo kwa woga.

“Kumbe unajua kupiga kelele hivyo, Baba mkubwa. Nimekusikia mpaka chini. Funika kichwa, usipige teke, hesabu mpaka saba.”

“Mimi?”

“Nani mwingine? Ila sauti ilikuwa ya ujana kidogo. Ni maji hayo yaliyoibadilisha.”

Fundi aliitoa kamba mfukoni. Alipiga magoti mchangani, akaifunga kamba ya Unyoya mkiani mwa ubao wa binti. Binti aliitambua kamba, akaigusa kwa kidole. Kisha akaenda nyuma ya mwamba, akaanguka mara mbili, na mchana akarudi na njaa.

Asubuhi iliyofuata Fundi alifungua karakana na kitambaa mkononi. Ubao juu ya dirisha ulikuwa mkavu, vumbi limeanza kuukalia. Aliufuta hivyo hivyo. Akasema maneno yake kwa mazoea, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba mle ndani hakuna anayemsikiliza.